Kofia Kwenye Kiti cha Mjukuu

Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka saba anaitwa Nyakundi, kwa jina langu. Mke wangu nami ndio tuliomlea hapa Weston, mtaa wa Toronto, wazazi wake wakiwa kazini. Kwa hiyo, siku tulipopanda treni ya kale ya watalii kaskazini mwa Toronto, mke wangu akiwa amebaki nyumbani, sikuona sababu ya mtoto huyo kuniacha peke yangu dirishani na kwenda kuketi na Mzee Cheruiyot, babu mzaa mama, aliyewasili juzijuzi kutoka Kericho.

"Wewe mume mwenzangu," Cheruiyot alimwambia kwa sauti iliyojaza behewa zima, "nikirudi Kericho nisisikie unampigia bibi yako simu! Yule ni mke wangu."

"Ananipenda mimi!" mtoto akajibu kwa Kiswahili. Mimi huwa ananijibu kwa Kiingereza.

Utani huo wa babu na mjukuu kumgombea bibi naujua. Hata kwetu Kisii upo. Lakini nilikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hataniani na mtoto. Nikaweka kofia yangu kwenye kiti kitupu kando yangu, nikatazama misitu iliyogeuka myekundu kwa majira ya kupukutika majani.

Tuliposhuka, tulifuata njia ya miguu kando ya mashamba ya mahindi makavu. Wao walitangulia, wameshikana mikono. Nilimwita Nyakundi nimfunge kamba za viatu. Cheruiyot alikuwa ameshamfunga. Nikamwonya kuhusu tope. Alikuwa ameshabebwa mgongoni. Nilimchukia mzee yule kwa dhati, pamoja na mgongo wake wenye nguvu.

"Mkwe, mbona umenuna kama mtu aliyenyimwa chai?"

"Natafakari," nikasema.

Tulipopanda treni ya kurudi, wao waliketi pamoja tena, nami nikaweka kofia kwenye kiti cha kando. Honi ilipolia, nilielewa kwamba nisiposema neno nitarudi na kofia tu. Nikasafisha koo.

"Bwana Nyakundi. Nasikia unamtaka bibi yako wa Weston. Ujue kwamba yule ana mwenyewe."

Mtoto akanitazama kana kwamba sanamu imezungumza.

"Wewe umezeeka, babu. Hata kupika hujui. Bibi nitamuoa mimi!"

"Umepatikana, mkwe!" Cheruiyot akaangua kicheko.

Nikaiondoa kofia kitini. "Basi njoo tuyamalize hapa, kiume."

Akaketi. "Lakini mpaka kwenye lile daraja tulilovuka tukija tu," akasema. "Halafu narudi kwa babu wa Kericho."

Nikaomba moyoni daraja hilo liwe mbali sana.