Milango ya Uani

Shangazi Getruda alianguka chumbani asubuhi akavunjika nyonga, na hakuna aliyejua mpaka jioni nilipompelekea uji. Alikuwa ameita hadi sauti imekauka. Majirani hawakusikia, kwa sababu kamati ya kuhifadhi majengo ilikuwa imeziba mlango wake wa uani kwa mawe.

Nyumba za wazee alikokuwa akiishi, huku juu Mkuyuni, zilijengwa na wamisionari Waingereza kwa mfano wa nyumba za wazee maskini za kwao: safu mbili za vyumba vya mawe, ua katikati, kila mzee na mlango wake, milango ikitazamana. Asubuhi kila mmoja alifungua wa kwake na kuamkia wenzake kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Asiyeitikia, walikwenda kumgongea. Hawakuwa na nesi mwingine.

Halafu kamati ikapata picha ya zamani inayoonyesha milango upande wa nje. Wakasema hii ya uani iliongezwa baadaye, si ya asili. Wakaiziba, wakatoboa ya nje, ya safu ya shangazi ikitazama ziwa.

Nilimkuta mwenyekiti wao, Bwana Rwehumbiza, akipiga picha ukuta.

"Shangazi yangu yuko hospitali kwa ajili ya ukuta huo," nikamwambia.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini huu ni urithi. Lazima tuutunze ulivyokuwa."

"Wazee wanaoishi humu uliwauliza?"

"Tulikaa kikao."

"Na nani?"

"Na wataalamu."

Mzee Shigela, jirani wa shangazi, alikuwa amekaa kivulini. "Usimwonee, mwanangu. Mimi kanipa jirani mkubwa. Kila asubuhi naliamkia ziwa. Halijaitikia hata siku moja. Lina dharau kama yeye."

Rwehumbiza akacheka. Mimi sikucheka.

"Fungua hiyo milango."

"Haiwezekani. Jengo limeshasajiliwa hivi lilivyo. Kubomoa ukuta sasa ni kosa kisheria."

Walipobomoa wao haikuwa kosa.

Jengo linapendeza, wageni wanakuja kuliangalia. Waliolipia ni hawa. Getruda hatembei tena, analala kwangu, nyuma ya kibanda ninachozibia pancha. Shigela amechukuliwa na binti yake kule Magu, ambako hamjui mtu. Modesta, wa chumba cha mwisho, alikutwa amekufa, na daktari akasema alikufa juzi yake. Vyumba vilikuwa vinane. Wamebaki wazee watano, na hakuna mlango unaomtazama mwenzake.