Masikio ya Kaka

Jina la Chiriku alipewa kwa utani, maana katika ukoo mzima hakukuwa na mtu mkimya kama yeye. Angeweza kukaa sebuleni na wageni tangu chai inamiminwa mpaka vikombe vinaoshwa, na wageni wakiwa mlangoni wanaaga wakauliza, yule binti yuko wapi leo, mbona hatukumwona. Shule ya msingi hakuimaliza. Mama yao aliugua, ikabidi mmoja abaki nyumbani, naye alipoambiwa ni yeye, alishusha pumzi. Hilo hakumwambia mtu. Kusimama mbele ya darasa asome kwa sauti kulikuwa kunamtia kiwewe mpaka herufi zinamchezea machoni.

Sasa herufi zilikuwa zimemfuata mpaka nyumbani, tena za lugha ya watu, zimejaa kwenye kioo cha kompyuta, na kaka yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti anamwambia asiogope.

"Hizo usiziangalie," kaka alisema, kwa sauti ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara. "Nusu yake hata mimi sizijui. Wewe angalia picha."

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa anakunja nguo kitandani. Aliinuka akafunga dirisha. Siku hizi dirisha lile lilifungwa kila mume wake alipofungua mdomo.

Shida yenyewe ilikuwa hiyo. Kaka, ambaye wapenda dansi walimwita Nyundo, alikuwa anapoteza masikio. La kushoto liliondoka mwaka uliopita, taratibu, bila kuaga. La kulia lilibaki linasikia ngoma nzito na mlango ukibamizwa, basi. Kazi yake ilikuwa kuchezesha muziki kwenye dansi la Jumapili alasiri katika ukumbi wa mama mmoja waliyemwita Mama Ukumbi, na nyumba nzima ilikula kwa kazi hiyo. Waliojua habari za masikio ni mke wake na mdogo wake tu.

Lakini Jumapili iliyopita nyimbo mbili zilikanyagana. Wachezaji walisimama katikati ya ukumbi wameshikana mikono kama watu waliozimikiwa taa, na Nyundo akawa bado anatikisa kichwa na kutabasamu. Mama Ukumbi alipanda jukwaani akamgusa bega. Nyundo akamsoma midomo, akasingizia mashine. Mama Ukumbi akamjibu kwamba mashine ikiumwa tena, atatafuta mtu mwenye mashine nzima.

Mpango uliofuata ulikuwa wa Wifi. Chiriku ajifunze ile programu ya kuchezesha muziki. Siku ya dansi akae kwenye kigoda nyuma ya meza, kitambaa cheusi kishuke mpaka sakafuni, kompyuta awe nayo huko chini. Nyundo asimame juu, hedifoni shingoni, apunge mikono kama kawaida yake. Chiriku akitaka kubadilisha wimbo, amguse mguu, ili ajue wakati wa kunyanyua mkono.

"Yaani mimi niwe sanamu," Nyundo alisema.

"Sanamu inayolishwa," mke wake akajibu, akiwa amemgeukia vizuri ili aone midomo.

Chiriku alisema hataweza. Alisema chini chini, akiangalia magoti yake, kwamba ataharibu na wote watafukuzwa kwa sababu yake. Wifi akamwambia, "Wifi yangu, hutaonekana. Si ndicho unachopenda?" Ilikuwa kweli, na ilimchoma.

Basi akajifunza. Kwenye kioo kulikuwa na santuri mbili za kuchora, moja kushoto na moja kulia, na katikati yake kijiti cha kusogeza. Kijiti kikiwa kushoto watu wanasikia wimbo wa kushoto. Ukikisogeza polepole kwenda kulia, wa kushoto unafifia na wa kulia unapanda. Juu ya kila santuri ulipita mstari wa mawimbi, mrefu pale ngoma ilipopigwa, mfupi pale mwimbaji alipovuta pumzi. Mawimbi hayo aliyapenda. Hayakumtaka asome chochote. Ukiyapanga mlima kwa mlima, nyimbo zinaingiana kama watu wawili wanaotembea njia moja.

Kitu cha maana kuliko vyote kilikuwa kisanduku kidogo kilichounganishwa na kompyuta kwa waya, chenye midomo miwili. Kaka alimwonyesha kwa kidole. "Mdomo huu ni wa watu, unakwenda kwenye spika. Huu ni wako, unakwenda kwenye hedifoni. Watu wanasikia wimbo uliopo. Wewe unasikia unaokuja, unauweka sawa, ndipo unawapa. Ukitaka kuusikia, bonyeza kitufe hiki chenye picha ya hedifoni, kila santuri ina chake."

Chiriku akauliza, mashine ikileta maneno je? Mara mbili tatu ilikuwa imeleta kiboksi cha maandishi katikati ya kioo.

"Ikikuuliza swali, bonyeza cha bluu," kaka alisema. "Mimi miaka yote nabonyeza cha bluu. Haijawahi kunila."

Jumapili ikafika. Waliwahi ukumbini kabla ya watu, wakaingilia mlango wa nyuma. Nyundo akafunga nyaya zake, akatandika kitambaa, akamwekea mdogo wake kigoda. Chini kule kulikuwa na joto na harufu ya vumbi la jukwaa. Kati ya vipande viwili vya kitambaa palikuwa na upenyo mwembamba, na kupitia hapo hakuona nyuso, aliona miguu tu. Viatu vya ngozi, viatu vya kisigino, raba za mzee mmoja aliyecheza kuliko vijana wote.

Wimbo wa kwanza ulitoka. Akauingiza wa pili, mlima kwa mlima, akagusa mguu wa kaka, na huko juu mkono ukanyanyuka na watu wakapiga makofi. Wa tatu ukaingia vizuri. Chiriku akaanza kupumua kwa pua badala ya mdomo. Hofu haikuondoka, ila ilikuwa imekaa pembeni kidogo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa tena.

Haikungoja sana. Nyundo alinogewa. Miaka mingi ya jukwaa ilimpanda miguuni, akapiga hatua ya madaha, na kisigino chake kikauvuta waya wa kile kisanduku. Muziki ukakatika. Chiriku alirudisha waya haraka hata kabla miguu kule mbele haijasimama vizuri, na hapo hapo kioo kikaleta kiboksi cha maandishi. Mistari mingi. Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kijivu, kimoja cha bluu.

Alijaribu kusoma. Neno la kwanza lilikuwa refu, akalianza, likamponyoka, jasho likamwingia machoni, na ukumbi mzima ulikuwa kimya ukimngoja yeye. Akabonyeza cha bluu.

Muziki ukarudi. Kwenye hedifoni aliusikia safi kabisa. Akashukuru moyoni, akaweka wimbo mwingine kwenye santuri ya kulia, akazima kitufe cha hedifoni cha kushoto, akabonyeza cha kulia ili ausikie kwanza.

Hakuusikia. Kwenye masikio yake uliendelea wimbo ule ule wa kushoto. Akarudisha wa kulia mwanzo, akaanza tena. Bado ule wa kushoto. Akaongeza sauti yake. Akaupeleka mbele, akaurudisha, akaupeleka mbele. Mawimbi yalipita kwenye kioo, ila masikioni wa kulia haukufika. Akaongeza sauti mpaka mwisho.

Ndipo alipotupa jicho kwenye upenyo. Miguu ilikuwa imechanganyikiwa. Kisigino kilikanyaga ngozi, jozi moja ilikwenda mbele na mwenziwe nyuma, zile raba zilikuwa zimesimama vidole vikielekea jukwaani. Na masikioni mwake muziki ulikuwa mtamu, hauna kosa lolote. Kumbe hivi ndivyo ilivyo, aliwaza. Kumbe kaka anakaa humu kila siku.

Alivua hedifoni. Ukumbini ulikuwa unapigwa ule wimbo wa kulia, kwa makelele ya kuumiza meno. Kila alipourudisha na kuupeleka, akidhani anajaribu peke yake, watu wote walikuwa wanausikia.

Akabonyeza kitufe cha hedifoni cha kushoto na kuzima cha kulia. Wimbo wa zamani ukarudi kwenye spika. Hapo akaelewa. Kisanduku kilipozimika kilisahau, na lile swali la bluu lilikibadilisha midomo: wa watu umekuwa wake, wake umekuwa wa watu. Mahali pa kurekebisha hapo huenda palikuwepo, ndani huko kwenye maneno, lakini maneno hakuyaweza na nyuma ya meza hapakuwa na mtu wa kuuliza ila kaka, ambaye ungemwita mpaka ukauke koo.

Basi akacheza kinyume. Kijiti cha katikati kikawa cha masikio yake, na vitufe vya hedifoni vikawa vya watu. Kila kilichozoewa na vidole ilibidi akikatae kwanza. Nyimbo hazikuweza tena kufifia taratibu, zilikatwa kama kitambaa kwa mkasi, kwa hiyo alingoja mpaka mlima wa huku na mlima wa kule ikutane ndipo akate. Alikata mara ya kwanza amefumba macho. Alipofumbua, miguu ilikuwa inakwenda pamoja.

Kisha akaona viatu vingine, na hivi havikuwa mbele, vilikuwa juu ya jukwaa, pembeni ya miguu ya kaka. Viatu vya kike, vyeusi, vipana, vya mtu anayesimama kutwa nzima mahali pake mwenyewe. Mama Ukumbi alikuwa upande wa kushoto, nyuma kidogo. Chiriku akasogeza hedifoni kwenye sikio moja, akamsikia anasema na Nyundo. Nyundo alikuwa anatikisa goti.

Chiriku alimgusa kaka mguu kwa nguvu ili ageuke. Nyundo alidhani ni wimbo unaobadilika. Akanyanyua mkono juu, akawapa watu tabasamu.

Mama Ukumbi akaita jina lake. Akaita tena. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Nyundo, ukumbi unaungua."

Goti liliendelea kutikisika.

Kitambaa kikafunuliwa kwa pembeni. Mwanga uliingia, na uso mpana wenye miwani ukamwinamia Chiriku, ukaiangalia kompyuta, ukaangalia vidole vyake, ukarudi usoni pake.

"Kumbe," Mama Ukumbi alisema. "Wewe nani yake?"

"Mdogo wake."

"Anayechezesha ni wewe?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali.

"Nimekuuliza kwa mdomo, binti."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hasikii tangu lini?"

Akilini alimwona Wifi akifunga dirisha. Aliona sufuria tupu jikoni. Angeweza kusema kaka anasikia, ila leo ana mafua. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini mama yule alikuwa ameshauchoma ukumbi wake kwa maneno na hakuna aliyegeuka.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Lakini ule uchafu wa sasa hivi si wake. Ni wangu. Mashine iliniuliza swali nikashindwa kulisoma."

Mama Ukumbi alicheka kwa pua, si cheko la furaha. Akasema kwamba na kiziwi hana ugomvi, mama yake mzazi alikufa hasikii na walielewana kuliko wanaosikia. Kudanganywa ndani ya ukumbi wake mwenyewe, hapo ndipo alipokataa.

"Wanaocheza hapa nawajua kwa sura, na wao wamjue anayewachezesha," alisema. "Huu wimbo ukiisha nikute umesimama hapo juu. Nisipokukuta, fungeni nyaya zenu mwende. Jumapili nyingine yupo mtu anangoja."

Akaachia kitambaa. Giza likarudi.

Mstari wa mawimbi ulikuwa umebakiza kipande. Chiriku alikiangalia kikipungua. Ilikuwa kama zamani jina lake lilipoitwa darasani. Alifikiria mlango wa nyuma. Ulikuwa karibu. Angeweza kutambaa mpaka nje na hakuna ambaye angesema alimwona, maana yeye hakuna aliyewahi kumwona.

Akaibeba kompyuta kifuani, nyaya zikining'inia, akainuka.

Nyundo alishtuka, akamtazama. Chiriku hakutoa sauti, midomo tu. "Anajua."

Kaka yake aliisoma midomo yake. Halafu akazivua hedifoni za shingoni, akaziweka mezani bila kishindo, akachukua koti lake kwenye kiti, akashuka ngazi za pembeni. Chiriku hakuweza kujua kama ni hasira au ni kupumzika. Alimfuata kwa macho mpaka mlango mkubwa, na pale mlangoni kaka akasimama, ametazama barabarani, mgongo ameupa ukumbi.

Chini yake nyuso zilikuwa zimeinuka. Hakuwahi kuzidhania zingekuwa nyingi namna hiyo. Mzee wa raba alikuwa na meno machache, naye alikuwa anamtazama moja kwa moja. Karibu na kaunta, Mama Ukumbi alikuwa amefunga mikono kifuani.

Mawimbi yakafika ukingoni. Vidole vilikuwa juu ya kitufe cha watu, na kwa kitambo kidogo alisahau kipi ni kipi. Akiharibu, kaka hatajua. Akipatia, hatajua vilevile, mpaka mwenyewe ageuke aone watu wanacheza.

Akabonyeza, akamtazama kaka mgongo.