Miguu ya Mbuzi ya Daktari Gathii

Mama Nakhungu alishuka kwenye pikapu ya jirani akiwa amembeba Chifu mikononi, mbwa mzima wa kilo ishirini na kitu, na akakataa katakata kusaidiwa. Alikuwa ametoka Ndalu mapema. Mlangoni pa kliniki ya wanyama pale Tuwan, alimtazama Gathii, mwenye kliniki, kuanzia viatu hadi nywele.

"Kijana ya Kang'ethe," alisema, akimwita kwa jina la baba yake. "Nimerudi. Lakini huyu humlazi."

Mwaka uliotangulia alikuwa akimwita daktari. Kisha akamleta Meja, ndugu yake Chifu wa tumbo moja, atolewe uvimbe mguuni. Gathii alimdunga dawa ya usingizi, na Meja hakuamka tena. Moyo wake ulikuwa mbovu. Gathii alimrudisha Ndalu kwa gari lake mwenyewe, akashika jembe, akachimba kaburi. Jina la daktari Nakhungu aliliacha huko huko shimoni.

Sasa Chifu naye alikuwa na uvimbe kwenye kidole cha mguu wa nyuma, unatoa damu na kunuka. Gathii alimsikiliza kifuani akasikia kile alichokuwa akiogopa: moyo ulikuwa unavuja, kama ule wa Meja. Kidole kisipokatwa, ugonjwa ungepanda. Akimlaza kabisa, huenda akarudi Ndalu na jembe.

"Sitamlaza, mama. Nitamtuliza kidogo, halafu nitie ganzi mguu peke yake. Wewe utamshika kichwa."

"Na akianza kulala?"

"Mwite."

Chifu alipotulia, Gathii alimnyoa paja, akapaka jeli, akaweka mashine ya picha, ile ile ambayo wakulima wa Saboti wanaijua kwa kupima mimba za ng'ombe. Nakhungu alikunja uso.

"Si huyu ni dume, bana?"

"Natafuta mshipa wa fahamu, mama, si mtoto."

Kwenye kioo ilionekana misuli, ukaonekana mfupa, halafu mshipa wenyewe: viduara viwili vyeusi vyenye ukingo mweupe, kama maharagwe mawili ndani ya ganda. Wako watu watakaokuambia daktari haogopi. Waongo hao. Huyu aliogopa, ila mkono aliukaza. Sindano ikaonekana ikiingia, mstari mwembamba mweupe, ikasimama kando ya mshipa bila kuugusa. Akasukuma dawa polepole. Weusi wa dawa ukatanda, ukauzunguka mshipa pande zote. Akafanya vivyo hivyo kwa mshipa wa pili, ule wa ndani ya paja.

Walingoja dakika ishirini. Kisha Gathii akakibana kidole kwa koleo, kwa nguvu. Chifu hakugeuka hata.

"Woi! Umeua mguu yake!"

"Mguu uko, mama. Hausikii tu mpaka jioni. Mwite."

"Chifu!"

Mkia ukapiga meza, pap, pap.

Kuanzia hapo Nakhungu hakufunga mdomo. Alimsimulia Chifu habari zote za Ndalu: ng'ombe wa Wabwile aliyevunja ua akala mahindi ya kanisa, Phelista aliyenunua kochi lisiloingia mlangoni. Gathii alikata, akafunga damu, akashona, na kila habari ilipoisha mkia ulijibu. Ule moyo mbovu uliendelea na kazi yake bila wasiwasi. Gathii alijaa furaha, akakata uzi wa mwisho, akafunga bandeji.

Mchana Ciru, mke wake, aliwaletea ugali na mchuzi wa mbuzi. Nakhungu alitafuna kidogo, akakigeuza kipande, akakichunguza.

"Mama, hii nyama imedungwadungwa na nini? Na ati mchuzi ni maji tupu?"

Ciru aliangua kicheko. "Muulize huyu. Kila wiki ananunua mguu wa mbuzi pale kwa Jairus buchari, anauwekea mashine, anaudunga maji safi akitafuta mishipa. Akimaliza ndio mimi napika. Watoto wamechoka na nyama ya maji."

"Tangu lini?"

Gathii aliinamia sahani yake. Ciru akaona amjibie.

"Si tangu ile wiki alirudi kutoka kwenu na matope ya kaburi kwa viatu. Mwaka mzima."

Nakhungu aliacha kutafuna. Alimtazama Gathii, safari hii bila kumpima. Chini ya meza Chifu alikuwa ameinua kichwa, anaunusa mchuzi kwa hamu, mguu wake uliofungwa bandeji umenyooshwa kando.

"Wacha kununua kwa Jairus," Nakhungu alisema. "Mwezi ujao nakuletea mbuzi yangu. Yote, na miguu zake nne, daktari."