Mistari Miwili kwenye Kisahani

Jina la Kisirani alibandikwa na kaka yake tangu utotoni, na ofisi nzima ya utafutaji madini ikalidaka. Haya basi, mwaka huu aliamua kulitendea haki.

Wote wawili walikuwa wanajiolojia, na walichokitafuta kilikuwa molibdeni, metali ya kuimarishia chuma. Kisirani ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti, mpaka kaka alipomwendea mkurugenzi kwa siri na kumwambia dada yake anaota ndoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka akapewa kiti, dada akatupwa ghalani kupanga sampuli.

Ndoto yenyewe ilikuwa hii: kwamba metali ilipanda kutoka chini sana, ndani ya mwamba ulioyeyuka. Mwamba ulipopoa na kuwa itale, maji ya moto yaliyobanwa humo yaliupasua, yakaiacha metali kwenye nyufa pamoja na mawe meupe. Kwa hiyo watoboe kilimani, kwenye itale. Kaka akasema upuuzi, metali ilikamuliwa kutoka kwenye mwamba mweusi wa bondeni, na huko ndiko pa kutoboa.

Siku chache kabla ya kikao cha kuamua pa kutoboa, kaka aliingia ghalani meno yote nje.

"Ona, Kisirani! Nimelitoa bondeni!"

Lilikuwa jiwe jeusi lenye magamba ya kijivu yanayong'aa. Kisirani akalipapasa, vidole vikachafuka. Alijua papo hapo. Hiyo haikuwa molibdeni, ilikuwa kinywe, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli. Vyote viwili vya kijivu, vyote laini, na mwenye papara huvichanganya. Kaka alizaliwa na papara. Hata majibu ya maabara hakuyangoja.

"Linapendeza," Kisirani akasema. "Wapelekee."

Alisikia raha moyoni, raha mbaya, na hakuionea haya.

Kwenye kikao kaka alihutubia mpaka chai ikapoa. Mwishowe mkurugenzi akageuka. "Na wewe wa ghalani, una neno?"

Kisirani akaondoa kikombe chake, akapangusa kisahani cheupe. "Kaka, hebu nipe jiwe lako."

Akalisugua ukingoni mwa kisahani. Mstari mweusi. Akatoa mfukoni jiwe la kilimani, akasugua kando yake. Mstari ukawa wa kijani kilichofifia.

"Molibdeni ikisuguliwa kwenye kauri huchora kijani," akasema. "Huo mweusi ni wa kinywe. Kaka ametuletea penseli."

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Kabla ya jua kuzama mtambo wa kutobolea ulikuwa unapandishwa kilimani, na kaka alikuwa amerudisha funguo za ofisi.

Alimkuta dada yake mlangoni. "Ulijua tangu ghalani! Mimi ndugu yako, si ungeniambia?"

"Uliponichongea, uliniambia?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumapili mama yao akawaita wapatane. "Damu nzito kuliko maji, wanangu. Yaishe."

"Yameisha, mama," Kisirani akajibu kwa upole, akaenda jikoni kuleta chai.

Mama alipewa kikombe chake, na kaka chake. Kaka akanyoosha mkono, kisha mkono ukasimama hewani.

"We binti, mbona umempa mwenzio kisahani kichafu, kina mistari?" mama akauliza.

"Hicho ni chake, mama. Nimemtolea ofisini." Kisirani akaketi mkabala naye na kumsogezea sukari. "Kunywa, kaka, chai isipoe."