Wawili Wasiogombana Mferejini

Kwenye lango la mfereji pale Söderköping watu walikuwa wamekaa ukingoni na aiskrimu zao, wakisubiri wenye mashua waanze kugombana. Ndiyo desturi yao kila kiangazi. Mashua huingia kwenye chumba cha maji, lango la nyuma hufungwa, maji huachiliwa kwa nguvu kutoka juu ili kuiinua mashua, na mume na mke waliokuwa wanapendana vizuri kabisa nyumbani kwao huanza kutukanana mbele za watu. Wenyeji wameubandika mfereji ule jina la Mtaro wa Talaka, na hulitaja huku wakicheka.

Ylva hakucheka. Alisimama ukingoni, akaifunga kamba ya nyuma kwenye pete ya chuma, kisha akaipitisha ya mbele kwenye pete ya pili na kumrudishia mumewe. Staffan, aliyekuwa chini mashuani, aliivuta taratibu kadiri maji yalivyopanda.

"Asante," alisema Staffan.

"Asante na wewe," alijibu Ylva.

Mzee mmoja alilamba aiskrimu yake, akamgeukia mkewe. "Hawa hawana mchezo wowote. Twende zetu."

Ylva alimsikia, na moyo wake ukachangamka. Mwezi wa pili Staffan alikuwa ameomba talaka. Kwa kuwa binti yao Tyra alikuwa bado mdogo, sheria iliwapa nusu mwaka wa kufikiri. Muda huo ukiisha, Staffan akisema bado anataka, ndoa imekwisha. Akinyamaza, ombi linakufa lenyewe. Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Hapakuwa na mwanamke mwingine, wala pombe. Staffan alisema amechoka na ugomvi, basi. Na kweli waligombana: juu ya theluji isiyozolewa mlangoni, juu ya mama yake Ylva, juu ya namna ya kupanga vyombo kabatini.

Basi Ylva akamwomba safari hii, wao wawili, Tyra abaki kwa bibi yake. Moyoni aliweka nadhiri ambayo hakumwambia mtu. Kama angeyapita malango yote mpaka Motala, mwisho wa safari, bila kupandisha sauti hata mara moja, Staffan angejionea mwenyewe kwamba mkewe si yule tena. Staffan alikubali safari upesi kuliko Ylva alivyotarajia, na hilo nalo alilichukua kuwa dalili njema.

Wakaenda. Mashua za mferejini haziruhusiwi kukimbia, mawimbi yasije yakala kingo, kwa hiyo mwenye baiskeli huwapita, na hata anayetembeza mbwa huwapita. Mashamba ya ngano yalikuwa juu ya vichwa vyao upande mmoja, na upande mwingine ng'ombe walikuwa chini yao. Staffan alishika usukani. Ylva alimenya viazi vipya, akavichemsha na majani ya shibiti, wakala na samaki wa siki. "Vitamu," alisema Staffan. Siku nyingine angesema vimeiva mno.

Kwenye kila lango nyuma yao ilifuata mashua ya wazee wawili, Gullan na mumewe Torvald, ambao sauti zao zilifika kabla ya mashua yenyewe. Walipofunga mashua Norsholm jioni, Gullan aliwaita kwake kunywa kahawa.

"Nyie watoto mnaumwa?" aliwauliza kabla hawajakaa vizuri. "Tangu Söderköping nawatazama. Hata neno moja baya hamjatupiana."

"Tumezoeana," alisema Staffan.

"Mimi na huyu tumezoeana tangu usichana wangu, na leo asubuhi kaniita boya lililotoboka."

"Nilisema umekaa kama boya," Torvald alijitetea. "Kutoboka umeongeza wewe."

"Mwone. Tena kamba kanirushia usoni."

"Uso ulikuwa njiani, mama."

Gullan akampiga kofi la bega, kisha akamjazia kikombe bila kuulizwa na kumchagulia mkate wa mdalasini uliokuwa na sukari nyingi kuliko mingine. Torvald akaupokea bila kuangalia, kama mtu anayepokea kilicho chake.

"Siku nikimnyamazia huyu," Gullan alimwambia Ylva, "ujue nimeshamzika."

Wakacheka wote. Staffan naye akacheka. Kilikuwa kicheko cha adabu, kile anachokitoa kazini wakija wageni wa mkuu wake. Ylva alikitambua, akaurudisha mkate wake sahanini.

Usiku ule alikumbuka safari yao ya kwanza, kabla Tyra hajazaliwa. Pale Berg, kwenye malango saba yaliyopandana kama ngazi, walipigiana kelele mpaka Ylva akashuka na mfuko wake akaenda kituo cha basi. Staffan alimkimbilia peku, na jaketi la kuokolea maisha mwilini, akimtukana njia nzima, na alipomfikia akalia. Ylva hakumbuki walichogombania. Anakumbuka nyayo za Staffan zilivyochubuka kwa kokoto.

Kesho yake wakati wanavuka ziwa Roxen alifanya jambo la kitoto. Alichukua taulo lake bichi akalitupa juu ya ramani ya Staffan. Hili lilikuwa kosa la zamani, lenye ugomvi wake maalumu. Staffan alilinyanyua kwa vidole viwili, akalianika kwenye waya.

"Jua zuri," alisema. "Litakauka sasa hivi."

Ylva akatamani kulia, hakulia.

Walipofika Berg, watu walikuwa wengi ukingoni, na vikapu vyao na watoto wao. Waliingizwa kwenye chumba cha chini kabisa pamoja na mashua ya wazee. Ylva alipanda juu na kamba zake. Ya nyuma aliifunga. Ya mbele hakuipitisha kwenye pete, aliishika mkononi tu. Maji yalipoachiliwa na kuanza kuchemka, akaiachia.

Pua ya mashua ilizunguka, ikaenda kuubamiza ubavu wa mashua ya wazee.

"Torvald, tunagongwa. Torvald, umelala?"

"Nimelala wapi, nimesimama hapa na mti mkononi. Sukuma na wewe, au unangoja nikutumie barua?"

Wazee wakasukuma, Staffan akasukuma, rangi ikachunika ubavuni urefu wa mkono mzima. Watu ukingoni waliacha kutafuna. Ylva alimtazama mumewe, akisubiri. Sema, alimwambia moyoni. Niite mjinga. Niambie nina mikono ya mbao kama ulivyoniambia siku ile.

Staffan akainua uso. "Umeumia mkono?"

"Hapana."

"Basi haidhuru. Nirushie tena."

Maji yakapanda, mashua ikapanda nayo, mpaka uso wa Staffan ukawa sawa na magoti ya mkewe. Ylva akachuchumaa.

"Nimeiachia makusudi."

"Najua."

"Na husemi kitu?"

"Niseme nini, Ylva?" Alikuwa anaikunja kamba iliyolegea, vizuri, duara juu ya duara. "Nilikuwa nikitafuta wakati mzuri wa kukuambia. Nimepata nyumba ya kuhamia Linköping, karibu na shule ya Tyra. Niliogopa utawaka. Lakini nilivyokuona umetulia safari nzima, nikashukuru. Nikajua na wewe umekubali."

Ylva aliushika ukingo wa mashua. "Sikukubali. Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Najua ni vigumu," alisema Staffan kwa upole, na hakuwa amesikia.

Hapo Ylva akapasuka. Alimwita mwoga. Alimwita jiwe, alimwita mgeni, alimtajia theluji na vyombo na mama yake, alimtajia hata kituo cha basi. Sauti yake iligonga kuta za chumba cha maji na kumrudia. Ukingoni mwanamume mmoja alimgonga mkewe kwa kiwiko, na mtoto akabebwa mabegani aone vizuri. Gullan peke yake ndiye aliyegeuka akaangalia pembeni.

Staffan alisikiliza yote, kichwa ameinamisha, kamba mkononi, kama mtu aliyejibanza chini ya paa akingoja mvua ipite. Alipoona amemaliza, akangoja kidogo, kwa heshima, asije akamkatiza.

"Lango linafunguka," alisema. "Tunawazuia walio nyuma."

Mferejini mashua haigeuzwi. Ylva akaifungua kamba ya nyuma, akaiweka begani pamoja na ile ya mbele, akaanza kuiongoza mashua kuingia chumba cha pili. Kwenye pete akainama, akaifunga moja, akaipitisha nyingine na kuirudisha chini kwa mikono yote miwili. Hakukosea kitu.

"Asante," alisema Staffan.

Juu yao yalikuwa yamebaki malango matano ya ngazi ile, na baada yake mfereji mrefu kuelekea Motala.