Bahari Iliyofika Ijumaa

Kila asubuhi, kabla hata ya kutundika mkoba wake, Samahani alijaza maji kwenye chupa ya kunyunyizia na kuulowesha mche wa mwamba. Mche huo ulikuwa umetolewa kwa keekee kutoka tumboni mwa kilima kilicho nyuma ya mji. Ulikuwa mnene kama mkono wa mtu na mrefu kuliko jengo la taasisi ya miamba ambako Samahani alifanya kazi, ndiyo maana ulikatwa vipande na kulazwa katika masanduku saba juu ya meza ndefu ya ghala, kama miche ya sabuni dukani. Jiwe kavu ni bubu. Likilowa, linaonyesha rangi zake. Samahani alianzia sanduku la kwanza, lililochorwa mshale mwekundu na neno JUU, akaishia la saba, lililoandikwa CHINI. Ndipo alipokunywa chai.

Jina lake halikuwa Samahani, ila hakuna aliyewahi kumsikia akianza sentensi kwa neno lingine. "Samahani, mlango umebaki wazi." "Samahani, una nyuki sikioni." Simu ikilia aliiomba radhi kwanza, kisha akaipokea. Alikuwa na shahada ya miamba na miezi mitatu ya majaribio kazini, na Ijumaa ya wiki hiyo, wageni wakishaondoka, Mkurugenzi angesaini aajiriwe moja kwa moja.

Jumatatu alipobonyeza chupa juu ya sanduku la kwanza, upepo wa moto ulitoka kwenye jiwe ukamrudishia maji usoni. Nyuma ya upepo ulikuja mchanga mwekundu. Ulimwagika mezani, ukashuka sakafuni, na kufikia saa ya chai ulikuwa umefika vifundoni. Nyayo za mnyama mwenye vidole vitatu zilitokea mlangoni, zikapita katikati ya ghala, zikasimama kidogo mbele ya jokofu, kisha zikaendelea hadi ukutani. Mnyama mwenyewe hakuonekana.

Mama Usafi alikuja na ufagio, akatazama.

"Huyu naye hakufuta miguu," alisema.

Mkurugenzi alishuka kuona. Alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Aliokota mchanga kidogo, akaunusa, akasema ni mchanga wa jangwa, wa tabaka la mwisho kabisa, na kwamba wageni wasiuone. Akapanda tena ofisini.

Kwenye ukumbi wa mapokezi lilitundikwa bango lake, kubwa kama shuka la watu wawili: BAHARI ILIYOONDOKA. Maelezo yake yalikuwa mepesi. Tabaka la chini la mwamba hutandikwa kwanza na la juu hutandikwa mwisho, kama mashuka kitandani; hiyo ndiyo alifu na be ya kazi yao. Katika mche wa kilima, chokaa yenye konokono wa baharini ilikuwa chini na mchanga wa jangwa ulikuwa juu. Basi hapo kale palikuwa na bahari, bahari ikaondoka, jangwa likaja. Shule zote zilifundisha hivyo. Watoto walipoambiwa wachore, walichora bahari ikiwa na begi begani, ikipunga mkono.

Jumatano ikafika zamu ya sanduku la pili. Majivu ya volkano yalianza kudondoka kutoka dari la ghala, laini na ya kijivu, yakaingia kwenye bakuli la sukari. Jiwe lilikuwa linaamka sanduku baada ya sanduku, bila haraka, na watu walikuwa wameanza kuja na kofia.

Aliyefurahi ni Fundi Mashine, mwendesha mashine ya kupima umri wa mawe, kwa sababu majivu ndiyo saa yake. Ndani ya majivu ya volkano mna fuwele ndogo, na ndani ya fuwele mna madini yanayogeuka kuwa madini mengine kwa mwendo uleule, kiangazi na masika, kama mshumaa usiojua kuna upepo. Ukipima kilichobaki na kilichogeuka, unajua mshumaa uliwashwa lini. Konokono wa mawe hawana saa hiyo, lakini wakikutwa kati ya majivu mawili, basi waliishi baada ya haya na kabla ya yale.

Wiki iliyotangulia, Samahani alikuwa amempelekea vijiko viwili vya majivu: kimoja cha sanduku la pili, kingine cha ukanda mwembamba wa majivu uliopita katika sanduku la sita. Hakusema kwa nini. Alisema samahani tu.

Saa ya chai Fundi Mashine aliingia akiwa na majivu kwenye nyusi, akacheka peke yake.

"Jamani, majibu yametoka. Majivu ya juu ni babu. Majivu ya chini ni mjukuu. Wamepishana miaka milioni tatu."

"Mjukuu amembeba babu mgongoni?" aliuliza Mama Usafi.

"Ndivyo mashine inavyosema, mama."

Mkurugenzi aliweka kikombe chini taratibu. "Mashine imechoka," alisema. "Ipumzishwe."

Mashine ikafunikwa kitambaa cha maua, ikapewa likizo ya wiki mbili. Mama Usafi, ambaye hakuwa amepewa likizo tangu mwaka juzi, aliitazama kwa wivu.

"Na mimi nina swali dogo," alisema, akikung'uta ufagio. "Hadithi ya bosi inaanza na bahari, si ndiyo? Sasa mbona jiwe linasimulia kuanzia jangwani?"

"Jiwe limekosea ukurasa," alisema Mkurugenzi.

Samahani alifungua mdomo. Wote wakamgeukia. Akaufunga, kisha akaomba radhi kwa kuufungua.

Alhamisi, maji yalianza kuchuruzika kutoka sanduku la nne, ya chumvi na ya uvuguvugu. Alipofika sanduku la tano, konokono mmoja alijing'oa kwenye chokaa, akanyoosha pembe zake, akampanda Samahani kidoleni. Alikuwa mdogo kama punje ya hindi. Samahani alimtilia maji ya chumvi kwenye kopo la chakula, akaenda naye nyumbani.

Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, pini mdomoni. Alilitazama kopo muda mrefu. Kisha akamuuliza konokono, si mtoto wake:

"Umetoka sanduku gani, bwana?"

"La tano," alijibu Samahani.

"Hajambo huko? Maana nilimwacha kichwa chini miguu juu."

Miaka mingi iliyopita, kabla ya cherehani, mama huyo alikuwa mtaalamu wa miamba katika taasisi ileile. Siku mche ulipoletwa mvua ilikuwa inanyesha, dereva ana haraka, watu wamejifunika magunia. Masanduku yalishushwa kuanzia la nyuma, na Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye brashi na kopo la rangi, alichora mshale upande wa kwanza alioufikia. Kesho yake mama alimwambia kwamba mshale umegeuka. Alimwonyesha makombe ya konokono. Kombe likizama kwenye tope, tope huingia na kutuama chini, na juu hubaki nafasi ambayo baadaye hujaa fuwele nyeupe. Katika mche ule, kila konokono alikuwa na tope darini na fuwele sakafuni, kama vikombe ambavyo chai imening'inia kwenye mfuniko.

Kijana mwenye brashi alimjibu kwamba wanawake wanaona vikombe kila mahali. Kila mtu alicheka, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa na furaha. Mwezi uliofuata, mama alihamishiwa idara ya samani kuhesabu viti. Alivihesabu kwa muda, kisha akanunua cherehani.

"Tope lipo darini mpaka leo, mama," alisema Samahani. "Nimeliona."

Cherehani ikasimama. "Umeliona lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Na hukusema."

"Samahani."

Mama alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Sikiliza, mwanangu. Kesho huyo baba anasaini. Mwache asaini. Ukishaajiriwa, panda hata juu ya paa useme na kipaza sauti."

"Wewe ulisubiri?"

"Mimi sikusubiri. Ndiyo unaniona nina pini mdomoni."

Konokono alikuwa amepanda ukingo wa kopo, anatazama sare za shule. Mama akamrudisha ndani kwa kidole, polepole, kama anayemfunika mtoto.

"Kikoje, kilima?" aliuliza. "Bado kina ile miiba ya njano?"

"Bado."

"Hm," alisema mama, akakanyaga cherehani, akashona mkono wa shati mahali pa shingo. Ilibidi afumue.

Bahari ilifika Ijumaa asubuhi, mapema kuliko wageni. Ilitoka sanduku la sita na la saba kwa pamoja, ikajaza ghala, ikapanda ngazi tatu, ikaingia ukumbi wa mapokezi na kutulia kwenye magoti. Ilikuwa safi, ya kijani. Sofa za wageni zilielea. Konokono walikuwa kwa maelfu, na samaki wadogo wenye magamba mazito ambao hakuna aliyewahi kuwaona isipokuwa wakiwa bapa ndani ya jiwe walizunguka mguu wa meza ya mapokezi.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," alisema Mama Usafi. Aligeuza ndoo, akaikalia, akatumbukiza miguu. "Basi sizoi."

Wageni walikuwa watu wa vitabu vya shule. Kitabu cha darasa la sita kilikuwa kinachapishwa upya, na walikuja kuthibitisha sura ya kilima kabla ya kukipeleka mtamboni. Walipewa viatu vya mpira mlangoni. Waliongozwa hadi mbele ya bango, wakasimama nusu duara, maji yakiwapiga magotini.

Mkurugenzi alisafisha koo. "Kama mnavyoona," alisema, "hapa bahari haipo tena."

Wageni waliitikia kwa vichwa, wakaandika. Bibi mmoja mwenye miwani alimtoa konokono kwenye kalamu yake, akamweka juu ya sofa iliyokuwa inapita, akaendelea kuandika.

Wimbi dogo lililowesha upindo wa bango. Mkurugenzi akaomba vibanio, bango likainuliwa kidogo, mazungumzo yakaendelea.

Samahani alikuwa amesimama kando na fimbo ya kuonyeshea. Kazi yake ilikuwa moja. Mgeni akiuliza bahari iliondoka lini, aelekeze fimbo kwenye mchanga wa juu na aseme, "Zamani za kale." Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo. Lakini kicheko kilikuwa kimemwingia tumboni tangu asubuhi na kilikuwa kinapanda kama povu la soda, na samaki wawili walikuwa wanamtekenya nyuma ya magoti.

Mlango ukafunguka. Mama yake aliingia, viatu mkono mmoja, kopo mkono mwingine, gauni amelikunja kiunoni, mkono wa gauni bado una pini. Alisimama ndani ya maji akayaacha yamzoee. Kisha akainama, akamwachia konokono aende kwa wenzake.

Mkurugenzi alimwona. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Dada! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, kaka. Naona mmepata maji."

"Tunamshukuru Mungu."

Ndipo bibi mwenye miwani aliponyanyua kalamu. "Swali moja tu, ili watoto waelewe. Bahari iliondoka lini hasa?"

Mkurugenzi alimwashiria Samahani. Watu wote wakamgeukia. Fundi Mashine aliacha kupiga mbizi. Mama Usafi aliacha kutikisa miguu. Mama yake aliangalia pembeni, kwenye maji, ili asimwekee mtoto uzito wa macho yake.

Kwa wanaotaka kujua mambo yaliendaje baadaye: bango bado lipo, limeinuliwa mara ya pili. Kitabu cha darasa la sita kilitoka, kizuri, cha rangi, na bahari kwenye ukurasa wa arobaini bado ina begi begani. Mashine bado iko likizo. Maji ya ghala yalipungua hadi vifundoni yakagoma kushuka zaidi, na siku hizi watu huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mkurugenzi alisaini siku hiyohiyo, kwa mkono ulionyooka, na Samahani akaajiriwa idara ya samani. Anahesabu viti. Vingine vina konokono.

Lakini Ijumaa ile, hayo yote yalikuwa hayajatokea. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Samahani aliweka fimbo juu ya sofa iliyokuwa inapita, ikaenda nayo. Alivuta pumzi, na neno lake la siku zote likamjia ulimini kama kawaida. Alilimeza. Likashuka, likakutana na kile kicheko njiani, na kicheko ndicho kilichotoka kwanza.

"Haikuondoka," alisema, akicheka, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Mche umelala kichwa chini miguu juu. Jangwa lilikuwepo kwanza, bahari ndiyo iliyokuja. Mama yangu aliwaambia, na mimi nawaambia tena: ilikuja!"