Mguu wa Mpiga Besi

Fundi miwani alikuwa na rekodi kumi na moja za mwanzo za mpiga gitaa mmoja wa jazi, zote za toleo jipya lililosafishwa mikwaruzo, na bado roho yake haikutulia. Gitaa alilipenda, lakini silo alilolisaka. Nyuma ya gitaa hilo, kwenye besi, alikuwapo baba yake fundi, aliyefariki fundi akiwa mtoto mchanga wa miezi minne, asiache popote sauti yake.

Diski ya kumi na mbili ilipofika dukani, aliweka kando lenzi aliyokuwa akiisaga, akavaa hedifoni. Kabla ya wimbo wa tatu, sauti ya mwanamume kwenye diski ilisema taratibu, "Haya, turudie."

Miaka yote maneno hayo yalikuwa yamezikwa chini ya mikwaruzo. Aliyasikiliza mara ishirini. Mteja alikuja kuchukua miwani, akapewa ya mtu mwingine. Saa nane mchana alifunga duka, akabeba diski na mashine yake, akaenda kwa mama yake kwa miguu, maana kusimama kituoni kungoja basi kulimshinda.

"Kuna nini? Mbona unahema?" mama aliuliza.

"Kaa kwanza, mama. Sikiliza."

Mama alivaa hedifoni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Si yeye, mwanangu. Huyo ni mpiga gitaa mwenyewe. Baba yako alikuwa na kigugumizi. Hiyo 'turudie' ingemchukua asubuhi nzima."

Fundi miwani alinyoosha mkono azime, lakini mama akaushika.

"Acha iendelee." Akafumba macho. Wimbo wa tatu ukaanza. "Huyo hapo."

"Wapi? Amesema nini?"

"Nani kakwambia anasema? Sikiliza chini huko. Mguu."

Akamvisha bintiye hedifoni. Kweli, chini ya besi kiatu kilikuwa kikigonga sakafu, kikiutangulia wimbo kidogo, kama cha mtu anayetaka kuondoka.

"Wenzake walimkemea mpaka wakachoka," mama alisema. "Wakamtandikia zulia. Akalisukuma pembeni."

"Na hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako alikuwa na mguu?"

Fundi miwani alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. Kisha akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Na zile nyingine kumi na moja ulizoacha dukani," mama aliuliza, "mguu umo?"

"Sijui, mama. Nilikuwa natafuta mdomo."

Mama alikuwa tayari anavaa viatu.